Jina la chaneli yako ya laivu halishiki? Anza na dalili

Mama mmoja anayenunua dagaa wabichi pale mwaloni Kibirizi alinifuata asubuhi moja, beseni kichwani, simu mkononi. "Mwanangu, hiyo laivu yako nimeitafuta tangu jana sijaiona. Umeifuta?" Nikamwamkia, kisha nikamwomba aandike mbele yangu alichokuwa akitafuta. Akaandika kwa kidole gumba, herufi moja moja: kibilizi daga live. Chaneli yangu wakati huo iliitwa dagaa_kibirizi27. Mama yule hakukosea kitu. Aliandika alivyosikia. Jina ndilo lilikuwa na kasoro.

Tangu siku ile nimekaa na vijana na akina mama kadhaa wa hapa Kigoma, na wengine wa Kasulu na Tabora kwa njia ya simu, tukirekebisha majina ya chaneli zao. Malalamiko hujirudia, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Katika kila dalili nimetanguliza sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, na ukaguzi mwepesi kabla ya matengenezo mazito. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako.

Jambo moja tu usiliruke. Mitandao mingi ya kurushia laivu hukupa majina mawili, na watu wengi huyachanganya. Kuna jina la mtumiaji, lile linaloanza na alama ya @. Hilo ni la mtu mmoja tu katika mtandao huo, halina nafasi katikati, na ndilo linalotengeneza kiungo cha chaneli yako. YouTube ilianza kuwapa wenye chaneli majina ya namna hii mwaka 2022. Halafu kuna jina la kuonyesha, lile linaloonekana kwa maandishi makubwa kwenye ukurasa wako. Hilo hukubali nafasi na herufi kubwa, na linaweza kufanana na la mwenzako. Kubadilisha la kuonyesha ni kazi nyepesi. La mtumiaji lina masharti, usiliguse kabla hujajua tatizo liko wapi.

Dalili: "Nimekutafuta sikukuona"

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Sababu ya kwanza, kwa mbali sana, ni kwamba jina haliandikiki kama linavyosikika. Huku kwetu jina la chaneli husambaa kwa mdomo. Bodaboda anamtajia abiria wakipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga. Muuza mawese anamtajia jirani yake sokoni. Mtu anapiga simu redioni, analitaja mara moja, zamu yake imekwisha. Aliyesikia hana pa kunakili, ataandika kile sikio lilichoshika. Jina lako linaishi masikioni kabla halijafika kwenye kioo cha simu, na ni masikioni linapotakiwa kujaribiwa.

Kiswahili kimetupa bahati, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Lakini kina mitego yake. Mtego mkubwa ni r na l. Kibirizi inaandikwa Kibilizi, kilimo kinakuwa kirimo, na hakuna atakayebadilisha matamshi ya watu wazima kwa ajili ya chaneli yako. Unafuata dh, th na gh. Dhahabu huandikwa zahabu, ghali huwa gali, na thamani ikigeuka samani mtafutaji anaonyeshwa makabati na vitanda. Herufi h nayo hudondoka, hasa katikati ya neno, ndiyo maana asubuhi utaikuta asubui. Irabu mbili zinazofuatana hupungua moja, kama mama alivyoandika daga. Ritifaa, ile alama ya ng'ombe na ng'ambo, haikubaliwi kwenye jina la mtumiaji. Hiyo haina madhara makubwa, maana wengi hawaiandiki hata wakitafuta.

Neno laivu lenyewe ni mtego. Wapo wanaoandika laivu, wapo wa live, wapo wa laiv. Ukilitia ndani ya jina umeongeza njia tatu za mtu kupotea. Liache nje.

Halafu yapo majina ya Kiingereza yaliyopindwa, yenye x mahali pa ks, z mahali pa s, namba 4 mahali pa neno zima. Utaniambia Diamond Platnumz naye ameliandika jina lake kwa namna yake na kila mtu anamjua. Ni kweli. Lakini lile limetajwa redioni na kwenye televisheni miaka na miaka, na watu wakaliona limeandikwa kila mahali. Wewe unaanza na watazamaji thelathini.

Ukaguzi wake hauna gharama. Rekodi ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, taja jina la chaneli mara moja tu, kwa mwendo wako wa kawaida, bila kulikata silabi. Watumie watu watano wasiolijua: mmoja mzee, mmoja wa rika lako, mmoja asiye wa mkoa wako, wawili wowote. Waombe wakujibu kwa maandishi jinsi wanavyodhani linaandikwa. Usiwasaidie. Wakiandika sawa wanne kati ya watano, jina ni zima, endelea na sababu zinazofuata. Wakikosea herufi ile ile wawili au zaidi, umeshaliona tatizo.

Matengenezo mepesi ni kubadilisha neno lenye herufi hiyo kwa neno jingine lenye maana ile ile. Kama jina limeshapendwa na hutaki kulitupa, fungua akaunti ya pili kwa yale maandishi ya makosa wanayoyatumia watu, weka picha yako ile ile, na kwenye maelezo andika jina sahihi pamoja na kiungo. Aliyepotea atakuta mlango. Mimi nilishika kibilizi kwa namna hiyo kwa miezi kadhaa, na ilinisaidia.

Sababu ya pili ni vistari vya chini, nukta na namba. Taja jina lako kwa sauti, lote kama lilivyo. La kwangu lilikuwa "dagaa, kistari cha chini, kibirizi, ishirini na saba". Hakuna abiria wa bodaboda atakayefika nalo nyumbani. Facebook haijali nukta kwenye jina la mtumiaji, yenye nukta na isiyo na nukta inayahesabu kuwa jina moja. Instagram na TikTok zinajali, na nukta moja ikikosekana mtu anaangukia kwa mwingine. Kama jina lina alama ambayo ukiitoa linabaki linasomeka, itoe.

Sababu ya tatu: jina la mtumiaji na jina la kuonyesha hayahusiani. Kijana mmoja wa Katubuka alikuwa akionyesha "Fundi Friji Kigoma", huku jina la mtumiaji likiwa lakabu yake ya shuleni. Watu walitafuta fundi friji kwa alama ya @ hawakumpata. Yafanye yafanane, basi.

Sababu ya nne ni kibodi. Simu nyingi zinakuja na kibodi ya Kiingereza inayosahihisha yenyewe, mtu anaandika neno la Kiswahili, simu inalibadilisha kabla hajabonyeza kutafuta. Andika jina lako kwenye simu tatu za watu tofauti, uone linavyotokea. Likibadilishwa kwenye zote, fikiria neno jingine.

Ya mwisho, na ni nadra: jina halina kosa, akaunti ndiyo yenye shida. Fungua kiungo cha chaneli moja kwa moja ukitumia simu ya mtu mwingine. Kikifunguka, subiri siku chache, hasa kama jina ni jipya. Kisipofunguka, ingia kwenye akaunti yako usome taarifa ulizotumiwa na mtandao wenyewe. Simama hapo. Kama kuna adhabu au zuio, rufaa hukatwa kwa njia rasmi za mtandao wenyewe na si kwingine. Anayekuja kwa ujumbe akidai ataifungua ukimpa neno la siri, au ukimtumia zile namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, anataka kuichukua akaunti.

Dalili: "Jina limeshachukuliwa"

Sababu ninayoanza nayo siku hizi ni kwamba aliyelichukua ni wewe mwenyewe. Ulifungua akaunti miaka iliyopita kwa simu iliyokwishaharibika, kwa barua pepe uliyotengenezewa na fundi wa simu, ukasahau. Litafute jina hilo, tazama picha na video za mwanzo. Ukijikuta, jaribu kuingia kwa kila barua pepe na kila namba uliyowahi kutumia. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, huenda namba ya zamani bado ni yako, na dukani kwa mtandao wako wa simu unaweza kurudishiwa laini yake. Ila laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kupewa mtu mwingine. Ikiwa imeshaondoka, usimpigie mwenye namba mpya kumsumbua akusomee meseji. Tumia njia za kurejesha akaunti zilizomo kwenye programu.

Sababu ya pili, kuna mtu analo. Hata kama hajaweka kitu kwa miaka, ni lake. Usijenge mpango wako juu ya kusubiri aliachie.

Ya tatu, jina limeshikiliwa kwa muda. Ukibadilisha jina YouTube, la zamani kwa kawaida hutunzwa siku 14 endapo utataka kulirudia. Twitch, mtandao mwingine wa kurushia laivu, hulifungia kwa miezi 6 au zaidi kabla mwingine hajaweza kulichukua. Kwa hiyo usibadilishe jina kwa majaribio halafu ukategemea mdogo wako alichukue siku hiyo hiyo kwa akaunti nyingine.

Matengenezo: watu hukimbilia kuongeza namba. Namba haisemi kitu na haikumbukwi. Ongeza neno linaloeleza mahali, kazi au wakati. Kijana mmoja wa Sikonge, baba yake mfugaji wa nyuki, alitaka neno asali peke yake. Lilikuwa limekwenda zamani. Alikuwa karibu kuchukua asali255. Tulizungumza simuni karibu saa nzima, nikamwambia asali hata angeipata watu wangeiandika asari, na asali inauzwa na kila mtu Tabora, wakati yeye anachoonyesha ni mizinga msituni. Akachukua "Nyuki wa Miombo". Halina r wala l. Mtu akilisikia mara moja anaona msitu.

Onyo: akitokea mtu anakuuzia jina, acha. Instagram na YouTube zinakataza katika masharti yao kuuziana majina ya watumiaji. Ukitapeliwa hutakuwa na pa kulalamika, na ukilipata kweli unaweza kunyang'anywa.

Dalili: Programu inalikataa jina

Hapa ni hesabu tu. YouTube inataka herufi 3 hadi 30, TikTok mwisho 24, Twitch 4 hadi 25, Instagram mwisho 30, na ukurasa wa Facebook angalau 5. Hakuna nafasi. Twitch haikubali nukta wala kistari cha kati, ni herufi, namba na kistari cha chini tu. TikTok haikubali nukta mwishoni. YouTube inakataa jina linalofanana na namba ya simu au anwani ya tovuti, kwa hiyo ile tabia ya kuweka namba ya biashara kama jina haitapita. Ukichagua jina la herufi kati ya 5 na 24, zisizo na alama yoyote, litaingia kote. Nisingependekeza lizidi 15.

Dalili: Wananisoma vibaya

Majina ya mtumiaji hayana nafasi katikati, na Kiswahili kikiunganishwa huzaa maneno mapya. Nilipokuwa natafuta jina jipya la chaneli yangu nililipenda sana "Macho Ziwani". Nililiandika kwenye karatasi bila nafasi: machoziwani. Dada yangu aliyekuwa anapepeta mchele pembeni akasoma kwa sauti, "Machozi wani?" Nikalifuta.

Dada mwingine wa Gungu anapika mubashara kila Jumapili, vyakula vya mawese: kisamvu, maharage, migebuka. Alijiita "Pika Nasi", likawa pikanasi. Wengine wakasoma pika nanasi. Wengine wakasikia pika nazi, wakaja wakiuliza mbona hatumii nazi. Na neno nazi lina shida yake nje ya Afrika Mashariki: mgeni asiyejua Kiswahili hulisoma kama jina la chama cha Hitler. Kwetu ni tunda tu, lakini ukitaka watazamaji wa mbali usiliweke ndani ya jina, wala neno linaloweza kusomeka hivyo.

Ukaguzi: liandike kwa herufi ndogo zote, bila nafasi, mpe mtoto wa darasa la nne au la tano alisome kwa sauti. Mtoto hajui ulichokusudia, anasoma kilichopo. Ukiona anasita, angalia anasita wapi. Mara nyingi dawa ni kugeuza mpangilio wa maneno, au kuongeza kiunganishi kama "na", "ya" au "wa" katikati.

Kwa sisi wa Kigoma kuna ukaguzi mwingine. Laivu zetu zinatazamwa ng'ambo ya ziwa, Uvira na Kalemie, na juu kule Bujumbura. Neno lililo safi hapa linaweza kuwa na maana nyingine kwa Kirundi, au kwa Kiswahili cha Kongo. Kabla hujaamua, mtajie mtu wa upande ule. Pale Kibirizi hawakosekani.

Dalili: Jina limenibana

Chaneli inakua, jina linabaki pale pale. Sababu ya kawaida ni jina lililofungwa kwenye kitu kimoja. Yangu ilisema dagaa. Hata katika mwezi wa kawaida, mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki kwenye mwanga ule. Siku hizo sikuwa na cha kuonyesha asubuhi. Halafu Serikali ikasitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ziwa lipumzike na samaki wazaliane. Miezi mitatu. Mitumbwi imepandishwa mchangani, mafundi wanaziba nyufa kwa pamba na mafuta, wanawake wa mwaloni wamehamia kwenye mawese na mihogo. Palikuwa na mengi ya kuonyesha, pengine kuliko siku nyingine zote, lakini kila aliyeingia aliuliza dagaa wako wapi. Jina lilikuwa limeahidi dagaa.

Ndipo nikabadilisha, nikaita "Ziwani Sasa". Linasema mahali, linasema wakati, na kinachotokea ziwani leo ndicho kinachoonyeshwa.

Sababu nyingine ni umri na mwaka ndani ya jina. Kijana wa miaka 19 aliyejiandika dogo atakuwa na miaka 30 siku moja. Nyingine ni jina la mtaa, wakati unahama. Ukaguzi: andika vitu vitano unavyoweza kurusha ndani ya miaka mitatu ijayo. Kama jina linabeba vitatu, liache. Likibeba kimoja, libadilishe sasa ukiwa na watu wachache.

Kuhusu neno TV na neno Habari: watu huyapenda kwa sababu yanatia uzito. Ukiyatumia, jitayarishe kuulizwa leseni. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 ziko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na anayerusha habari na matukio mtandaoni anatakiwa awe na leseni. Kinachodai leseni ni maudhui, jina pekee halikufanyi chombo cha habari. Lakini kama unarusha mapishi au ufundi wa pikipiki, jina la "Habari TV" linakuingiza kwenye maswali usiyoyahitaji. Na kama kweli unataka kurusha habari, usijibahatishie. Nenda TCRA uulize kabla ya kuchagua jina, wala usitegemee alichokuambia mwenzako mwenye chaneli.

Ikiwa unauza kitu kwa jina hilo, pita pia BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kuwa na jina mtandaoni si kuwa na jina la biashara. Mwingine anaweza kuwa amelisajili kihalali huku wewe umeshachapisha fulana. Utafutaji wa jina unafanyika kwenye mfumo wao wa usajili mtandaoni. Ukipokea barua ya mwanasheria inayosema jina ni alama ya biashara ya mtu, usijibu mwenyewe kwa hasira mubashara. Nyamaza, tafuta wakili aisome.

Dalili: Nimebadilisha jina, watu wamepotea

Mara nyingi chanzo ni viungo vya zamani. Umeviweka kwenye magrupu ya WhatsApp, umebandika stika kwenye bajaji, vyote vinaelekeza kusikokuwepo. YouTube huruhusu kiungo cha zamani kifanye kazi pamoja na kipya kwa zile siku 14. Zitumie zote. Zunguka, badilisha kila mahali.

Kisha angalia kama ulibadilisha na picha siku hiyo hiyo. Watu wengi hawasomi jina kabisa, wanatambua duara la picha na sauti ya salamu. Ukibadilisha jina, picha na salamu kwa pamoja, kwao wewe ni mtu mpya. Badilisha jina, viache vile viwili kwa mwezi mzima, na kwenye jina la kuonyesha andika "zamani Dagaa Kibirizi", au lolote lilivyokuwa, mpaka wakuzoee.

Au umebadilisha mara nyingi mno. Programu zenyewe zinajaribu kukuzuia: YouTube mara mbili ndani ya siku 14, TikTok mara moja kila siku 30, Twitch mara moja kila siku 60. Kama uko ndani ya siku 14 na umejuta, YouTube na Instagram kwa kawaida hukuruhusu kulirudia la zamani. Baada ya hapo usirudi nyuma, sukuma jipya.

Kubadilisha jina si msiba. Msanii Sugu alianza akijulikana kama 2-Proud, akawa Mr. II, na jina lililobaki midomoni mwa watu ni lile fupi la Kiswahili, alilokwenda nalo hadi bungeni. Na hapa kwetu ipo meli. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hili. Simama gatini uulize watu kumi jina la kwanza la meli ile. La pili linatamkika kwa kinywa cha hapa, na ni jina la mahali inapoelea.

Dalili: Jina zuri, laivu haiwaki

Hilo si kosa la jina, usilibadilishe. Kurusha laivu kwa simu kupitia YouTube kunahitaji wafuasi 50 kwanza, na kuwasha huduma hiyo mara ya kwanza huweza kuchukua saa 24. TikTok inataka uwe na miaka 18. Kagua hayo, kisha bando, kisha mtandao wa eneo ulipo.

Dalili: Mwingine anatumia jina langu

Anza kwa utulivu. Sababu ya kawaida ni kufanana kwa bahati mbaya. Mtu wa Mwanza mwenye jina karibu na lako, anayerusha mambo yake, hajakukosea. Mwandikie kwa heshima, mkubaliane kila mmoja aongeze mkoa wake.

Sababu ya pili ni mashabiki wanaopakia vipande vya laivu zako. Hao waombe waandike wazi kwamba wao si wewe, na waelekeze watu kwako.

Sababu ya tatu ni tapeli. Utamjua kwa picha yako ile ile na jina lako lililoongezwa nukta au herufi moja, halafu anaomba watu pesa kwa simu. Hapa huna la kutengeneza mwenyewe. Usimtishie, usimtaje mubashara kwa maneno makali, maana atafuta kila kitu na ushahidi utaondoka naye. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina lake la mtumiaji, kiungo chake, namba ya simu inayopokea pesa, na tarehe. Muombe aliyetumiwa meseji asiifute. Ripoti akaunti hiyo ndani ya programu kwa kuchagua sehemu ya kujifanya mtu mwingine, na waombe wafuasi wako nao waripoti. Namba inayoomba pesa itume TCRA kupitia 15040. Halafu nenda polisi ukiwa na hizo picha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine mtandaoni. Watakapokuuliza akaunti halali ni ipi, fungua ya kwako mbele yao, kwenye simu yako, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako.